Miezi Tisa Dar es Salaam

Mhariri ameniomba nieleze habari za kazi ya muda niliyotumwa Dar es Salaam, maana vijana wengi wa shule yetu huenda nchi jirani kwa kazi za miezi michache. Nitaeleza mambo ya safari na ya maisha, lakini hasa nitaeleza kosa moja nililofanya, ambalo lilimtia hasara mtu asiye na hatia.

Kwanza mjue kwa nini mtu wa Kampala hutumwa Dar es Salaam. Uganda haina bahari. Bidhaa zetu zitokazo ng'ambo hupita bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam. Tangu mwaka 2014 nchi zetu zimeanza utaratibu wa forodha ambao ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa Uganda kabla mzigo haujatoka bandarini. Hivyo karatasi za Kampala na karatasi za bandarini hazina budi kupatana, na makampuni ya kusafirisha mizigo huweka mtu kule wa kuzifuatilia. Kampuni yangu ilinichagua mimi kwa miezi tisa. Sababu waliyonipa ilikuwa moja: "Wewe unajua Kiswahili." Nami niliamini hivyo.

Kabla ya kuondoka nilitafuta karatasi zangu mwenyewe. Msidhani kwamba kwa kuwa sisi sote ni Afrika Mashariki basi kitambulisho cha taifa kinatosha. Kwa Kenya na Rwanda kinatosha, lakini kwa Tanzania chukueni pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tena mtu wa kufanya kazi huhitaji vibali viwili, navyo hutolewa mahali mbalimbali: kibali cha kazi kwa watu wa idara ya kazi, na kibali cha ukaazi kwa Uhamiaji. Mwajiri aanze kuvishughulikia mapema, wala msiondoke kwa ahadi ya mdomo tu.

Nilikwenda kwa basi. Mpakani Mutukula hukaguliwi mara mbili huku na huku. Nchi zote mbili zina maofisa wao katika jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Kutoka hapo tulipita Bukoba, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,500, na mwisho wake miguu huvimba. Niliposhuka nilidhani dereva ameacha injini wazi, kumbe lile joto ni hewa ya mji wenyewe. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku tunajifunika blanketi. Dar es Salaam iko pwani, na kuanzia Desemba hata Machi shuka moja ni nyingi.

Mji ni mkubwa kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa huo. Watu husafiri kwa daladala, na tangu mwaka 2016 kuna mabasi ya mwendokasi yenye njia yao peke yao. Nyumba nilipata kwa dalali. Jihadharini hapa: wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Anayekwenda kwa miezi tisa na akalipa mwaka mzima amewaachia watu miezi mitatu. Mimi nilizungumza na mwenye nyumba mwenyewe, akakubali nilipe miezi sita, kisha mitatu.

Maneno nayo yalinichezea. Siku ya kwanza niliingia kwa mama lishe nikasema, "Nipe posho na maharage." Watu walicheka. Mama yule akanijibu, "Posho atakupa mwajiri wako, mwanangu. Mimi hapa nina ugali." Sisi Uganda posho ni chakula, kule posho ni fedha apewayo mtu aliye safarini au kazini. Tena sisi tunaozungumza Luganda tumezoea kutamka r baada ya e na i, na mahali pengine pote kutamka l. Basi "habari" kinywani mwetu huwa "habali", na "meli" huwa "meri". Nilipofika kwenye lango la bandari nikamwambia mlinzi kwamba namfuata "Meri", akaniuliza, "Meri yupi, wa ofisi gani?"

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. Hili la tatu halikuwa la kuchekesha.

Mwezi wa pili nilikuwa na kontena lenye mashine ya kusaga nafaka, mali ya mfanyabiashara mdogo wa Masaka aliyeinunua kwa fedha za mkopo. Mjue kwamba mzigo ukishuka bandarini hupewa siku kadhaa za bure, kisha kila siku inayopita hutozwa gharama ya kuhifadhiwa. Nilikwenda kwenye ofisi moja iliyokuwa na hati yangu. Ndani walikuwapo makarani watatu, na mmoja wao mzee mwenye kofia. Nilisimama mlangoni nikasema, "Wewe mzee, nataka ile karatasi ya kontena. Leta upesi." Yule mzee alinitazama akasema, "Ngoja." Nikangoja hata jioni. Kesho yake nikarudi nikasema vilevile, nikaambiwa, "Bado." Siku ya nne ndipo nilipojua kwamba hati ile ilikosa muhuri mmoja, na muhuri wenyewe ulikuwa katika chumba cha pili, hatua ishirini kutoka nilipoketi. Siku za bure zilikuwa zimekwisha, na mtu wa Masaka alidaiwa gharama ya siku mbili.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikamweleza jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, jinsi watu wa ofisi ile walivyo wabaya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Uliwaamkia?" Nikasema, "Bibi, nilikuwa na haraka." Akasema, "Mjukuu wangu, umeingia nyumba za watu na hujabisha hodi. Nani atakuambia kwamba njia umeikosa?"

Usiku ule nilifikiri sana. Kiswahili changu nilikipata wapi? Uganda lugha hii iliingia zaidi kwa njia ya jeshi na polisi. Askari wa King's African Rifles waliamrishwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini wazee wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Marehemu baba yangu alijua maneno manne: simama, toa, leta, lala chini. Hayo ndiyo niliyorithi, nikayaongeza kidogo mjini. Nilijua kuamrisha, wala sikujua kuomba.

Wala si kwamba sisi hatuna adabu. Muganda akisema "Mpa amazzi, ssebo," hakumtukana mtu, maana adabu yote imo katika lile neno "ssebo" na katika salamu ndefu iliyotangulia. Lakini tukigeuza kwa Kiswahili tunasema "Nipe maji", na ile "ssebo" tunaiacha Kampala. Mtu wa Dar es Salaam husikia amri tupu. Yeye husema, "Naomba maji," hata kama fedha yake iko mkononi. Tena mkubwa kwa umri huamkiwa "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba". Na akutaye watu kazini husema "Poleni na kazi". Hilo la mwisho halikunipa taabu kulishika, maana ni sawasawa na "Gyebale ko" ya kwetu.

Asubuhi nilirudi ofisini nikaondoa kofia. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Poleni na kazi, ndugu zangu. Nimekuja kuomba radhi. Nilisema nanyi vibaya." Mzee akajibu, "Marahaba. Yamekwisha, kijana. Keti." Nikathubutu kumwuliza kama alinificha habari ya muhuri kwa makusudi. Akasema, "Sikukuficha. Uliniuliza karatasi, hukuniuliza habari zake." Kisha akachukua kalamu akaniandikia hati zote zipitapo katika ofisi ile, moja baada ya moja, na mihuri yake. Kipande hicho cha karatasi ninacho mpaka leo. Katika miezi saba iliyosalia sikuchelewesha mzigo kwa kukosa muhuri.

Gharama ya siku zile mbili niliilipa mimi katika posho yangu, ile posho isiyoliwa na maharage. Nilimpigia simu mtu wa Masaka nikamweleza kosa ni langu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba riba ya mkopo wake haikungoja muhuri. Sikuwa na la kumjibu.

Basi faida ya maelezo yangu ni hii. Mtu aliyetumwa kwa muda hujidanganya akisema, "Mimi ni mpita njia, ya nini kujuana na watu?" Kinyume chake ndiyo kweli. Mwenyeji aweza kuwanunia jirani zake, maana anajua milango yote. Mgeni hajui hata mmoja, na habari zote atakazopata zimo vinywani mwa watu. Salamu si kupoteza wakati. Ndiyo njia habari zinapopitia.

Nanyi mlio madarasani sasa mna bahati kuliko sisi. Kiswahili kilitajwa katika Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nasikia wengine wenu hulalamika juu ya somo hilo. Jifunzeni kwa bidii, lakini msiishie kwenye ngeli na vitenzi vya mtihani. Mwombeni mwalimu awafundishe pia namna mtu anavyobisha hodi, anavyoamkia, anavyoomba na anavyoomba radhi. Hayo manne mimi niliyanunua bandarini, na sehemu ya bei ililipwa na mtu wa Masaka.

Wasalaam,
Mwanafunzi wenu wa zamani.