'Punguza' ina maana tatu saibani, tuzitenganishe

Tuseme mama mmoja anaingia katika saiba mtaani Huruma, Nairobi, akiwa na ratiba ya mazishi kwenye simu.

"Kijana wangu, niprintie hii. Ile ya jana ilikatika jina la mzee huku chini."

"Usijali, mama, nitaipunguza."

Atapunguza nini? Katika muktadha huu kitenzi 'punguza' kina angalau maana tatu. Kwanza, ni kupunguza uzito wa faili ili itumwe haraka. Pili, ni kukata sehemu ya picha. Tatu, ni kupunguza urefu na upana kwa kiwango kimoja. Mama anataka hii ya tatu, nami napendekeza tuiite 'kuwianisha', maana uwiano wa pande haubadiliki.

Mbona jina likatike? Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, lakini printa nyingi hazitii wino hadi mwisho wa karatasi. Zinaacha ukingo mtupu, na ukubwa wake hutofautiana baina ya printa na printa. Ndiyo maana faili iliyotoka vizuri saiba hii hukatwa saiba ya pili.

Wapo wanaouita ukingo huo 'pambizo'. Hapana. Pambizo huamuliwa na mwandishi. Ukingo huu huamuliwa na mashine. Sehemu inayobaki tuiite 'eneo linalochapika', kwa kauli ya kutendeka: soma huzaa someka, chapa huzaa chapika.

Chukua printa inayoacha milimita 4 kila upande. Eneo linalochapika ni milimita 202 kwa 289. Gawanya 202 kwa 210, upate takriban asilimia 96. Gawanya 289 kwa 297, upate asilimia 97. Kanuni ni kutumia kiwango kidogo, yaani 96, kwa pande zote mbili. Ukitumia kila kimoja upande wake, umevuta mchoro, na duara si duara tena.

Hata hivyo, si kila kitu kinafaa kuwianishwa. Katika ramani ya nyumba ya skeli ya 1:100, chumba cha mita 3 huchorwa kwa milimita 30. Ikichapwa kwa asilimia 96, inakuwa milimita 28.8. Fundi akipima kwa rula atasoma mita 2.88. Sentimita 12 zimepotea, na hakuna aliyekosea hesabu!

Kwa hivyo ratiba ya mazishi iwianishwe. Ramani nayo ichapwe kwa vipimo vyake halisi, hata ikibidi karatasi ya A3, au ichorewe mstari wa kipimo utakaopungua pamoja nayo. Ukimwambia kijana wa saiba "punguza" tu, umemwachia akuamulie.