Chapa Ndogo za Muziki na Lugha ya Mikataba: Mfano wa Kyela

Kampuni itoayo muziki kwa jina lake huitwa leo "lebo". Neno la zamani zaidi, "chapa", lenye asili ya Kihindi, latosha kwa maana hiyo, kwani lataja alama iliyobandikwa katikati ya santuri. Nalo ndilo litakalotumika hapa.

Chapa za kwanza zilizowafikia Waswahili zilikuwa za kampuni kubwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa, na kampuni ilitazamia kuuza santuri zake pwani yote. Chapa ndogo ya muziki wa majaribio hufuata njia nyingine: hutoa sauti ambazo soko lake bado halijajulikana. Mfano wa karibu ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2016. Mwaka 2017 ilitoa mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam uitwao Sounds of Sisso, na mwaka 2018 ikatoa Poaa ya Bamba Pana. Muziki uliokuwa ukichezwa katika sherehe za mitaani ukawafikia wasikilizaji wa Ulaya.

Kazi ya chapa kama hiyo yaeleweka kwa urahisi. Hugharimia usafishaji wa sauti, picha ya jalada, nakala chache za kaseti au santuri, na usambazaji kwa njia ya intaneti. Chapa nyingi za namna hii hugawana na msanii nusu kwa nusu kile kinachobaki baada ya gharama. Shida huanzia katika maneno. Tuseme mauzo ni shilingi 1,000,000 na gharama ni shilingi 800,000. Nusu ya mapato ni shilingi 500,000, bali nusu ya faida ni shilingi 100,000. Katika mazungumzo ya kawaida maneno hayo mawili hubadilishana nafasi. Katika mkataba hayawezi.

Kitenzi "kuuza" chaleta hatari kubwa zaidi. Asemaye "nimeuza wimbo" aweza kuwa ameuza nakala moja, au ametoa ruhusa ya muda, au amehamisha haki zote. Mkulima wa mpunga wa Kyela akiuza gunia, shamba hubaki lake. Mwanamuziki akiuza "wimbo", huenda ameuza shamba lenyewe. Kwa ngoma za jumuiya, kama ing'oma ya Wanyakyusa, hapana budi kuuliza pia ni nani astahiliye kutia sahihi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yatambua sanaa za jadi, lakini mto Songwe ni mpaka: upande wa Tanzania haki husimamiwa na COSOTA, na upande wa Malawi, waliko Wangonde wenye lugha iliyo karibu sana na Kinyakyusa, husimamiwa na COSOMA.

Jambo la mwisho ni maandishi ya jalada. Kinyakyusa kina irabu saba, nazo huwa fupi au ndefu. Kiswahili kina irabu tano tu. Tena, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, Kinyakyusa hakina toni, hivyo mzigo wa kupambanua maneno waziangukia zaidi irabu. Jina la wimbo likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili laweza kusomwa kuwa neno jingine, na kosa hilo hunakiliwa katika kila orodha ya mauzo. Msanii atafutwaye kwa jina lililokosewa haonekani, wala fedha zake hazimfikii.

Yafaa basi kila chapa itakayorekodi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa iandike mkataba kwa Kiswahili, ipambanue "mapato" na "faida", itumie "kuruhusu" au "kuhamisha haki" mahali pa "kuuza", na iusome kwa Kinyakyusa mbele ya wahusika kabla ya sahihi. Majina ya nyimbo na yahakikiwe na msemaji wa lugha. Gharama yake ni siku moja ya kazi. Kuiacha kwaweza kumpotezea mtu wimbo wake.