Dozi Moja, Ndege Wengi: Safari ya Antibiotiki katika Mabanda ya Bagamoyo

Anayesafiri kutoka Bunju kwenda Bagamoyo, akipita Mapinga, Kerege na Zinga, huona nyua nyingi zenye ndege: kuku wa mayai bandani, wa kienyeji wakiparura chini ya mikorosho, bata kwenye tope la karo, njiwa juu ya paa. Ugonjwa ukiingia, mara nyingi mfugaji hununua pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, ijulikanayo madukani kama OTC, akaikoroga katika ndoo moja na kuwanywesha wote. Mayai ya kesho yake huokotwa na kuuzwa kama yalivyouzwa ya jana. Ndoo ni moja, lakini dawa iliyomo haitafuata njia moja ndani ya miili hiyo.

Ndege hana meno. Akimeza, chakula hukaa kwanza katika gole, kisha hupita kwenye tumbo la tindikali na firigisi inayosaga, ndipo kifike katika utumbo mwembamba ambako dawa nyingi huingia damuni. Dawa za jamii ya tetrasaiklini hukumbana na kikwazo njiani, kwa kuwa hushikamana na kalsiamu, na zikishashikamana hazifyonzwi vizuri. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya takriban asilimia 4, ili ganda la yai liwe gumu, ilhali cha kuku wa nyama kina kama asilimia 1 tu. Pwani mzigo huo waweza kuongezeka, kwani wapo wanaosaga magamba ya chaza na kuyachanganya katika pumba, na maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe huwa na chumvichumvi hiyo hiyo. Joto nalo huvuruga kipimo: ndege mzima hunywa maji mengi wakati wa kaskazi, naye mgonjwa, ambaye ndiye aliyekusudiwa, hunywa kidogo.

Dawa isiyofyonzwa haipotei. Hubaki utumboni ikiwazoesha bakteria kuishi nayo, kisha hutoka na kinyesi, na kinyesi hicho ndicho mbolea inayopendwa katika matuta ya mchicha.

Iliyofanikiwa kuingia damuni huanza safari ya kutoka, kupitia ini na figo. Hapa maumbile ya ndege yana jambo la kushangaza kidogo: sehemu ya damu itokayo miguuni inaweza kupita kwenye figo kabla ya kurudi moyoni. Ndiyo maana madaktari wa mifugo hupendelea kumdunga ndege kidarini, wala si pajani, hasa kwa dawa zinazotolewa na figo.

Kasi ya kutoka pia hutofautiana kwa kila aina. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya jentamaisini katika damu ya ndege mbalimbali. Kwa kware, kiasi cha dawa kilipungua hadi nusu katika muda wa dakika 42 hivi. Kwa korongo ilichukua dakika 165. Mtu angedhani basi kwamba mwili mdogo huharakisha na mkubwa hukawia, na mara nyingi ni hivyo. Lakini mbuni, mkubwa kuliko ndege wote, huiondoa enrofloksasini upesi kuliko kuku. Kwa hiyo dozi ya bata au njiwa haipatikani kwa kugawanya tu dozi ya kuku kwa uzito.

Yai lina hesabu yake. Ute mweupe huwekwa kwa saa chache tu, lakini kiini hukua kwa kasi kwa takriban siku 10 kabla ya kutagwa, na kuku mmoja hubeba viini kadhaa vya umri tofauti kwa wakati mmoja. Dawa iliyo damuni leo huweza kuingia katika vyote, hata kile kitakachotagwa wiki ijayo, wakati kuku mwenyewe ameshapona na pakiti imeshatupwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikuta masalia ya antibiotiki katika mayai ya wafugaji wadogo wa Manispaa ya Morogoro, wakachapisha matokeo hayo mwaka 2010. Kuchemsha hupunguza baadhi ya masalia, lakini si njia ya kutegemewa.

Mhudumu wa zahanati ana sababu ya kulijali jambo hili. Enrofloksasini, dawa ya mifugo, hugeuzwa kwa sehemu mwilini mwa ndege kuwa siprofloksasini, ile ile anayoandikiwa mgonjwa wa homa ya matumbo. Marekani iliipiga marufuku kwa kuku na bata mzinga mwaka 2005, kwa sababu bakteria wa kuhara aitwaye Kampilobakta alikuwa akipata usugu na kuwafikia walaji. Mgonjwa ambaye dawa haimsaidii, na ambaye nyumbani anafuga, anastahili kuulizwa ndege wake walipewa nini na lini.

Kwa mfugaji, maandishi ya kusoma kwenye pakiti ni matatu: ndege aliyetajwa, siku za kusubiri kabla ya kula nyama, na siku za kusubiri kabla ya kula mayai. Ikiwa bata hakutajwa, siku za kuku si zake. Aulizwe daktari wa mifugo. Dawa iliyoandikwa isitumike kwa kuku wanaotaga haina siku za kuhesabu.

Tena, pakiti nyingi hufunguliwa bure. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, husababishwa na virusi, na hakuna antibiotiki inayoviua. Kinga yake ni chanjo, nayo Temevac hutengenezwa hapa hapa nchini: tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi 3.