Jaji Aliyeutetea Wakfu wa Jamaa

Mtu akiwawekea wanawe nyumba kuwa wakfu, na baada yao mafakiri, je, ametoa sadaka? Mtoto wa chuoni atajibu ndiyo. Majaji wa Kiingereza walikataa.

Syed Ameer Ali, mzaliwa wa Bara Hindi, 1849, alisomesha sheria ya Kiislamu mjini Calcutta. Mwaka 1884 darsa zake za chuo kikuu zilieleza hiba, wakfu na wasia. Mwaka 1890 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya mji huo. Ilipoletwa kesi ya wakfu wa jamaa, wenziwe waliubatilisha. Yeye akapinga, akashika kuwa kuwakimu jamaa ni sadaka hasa. Mwaka 1894 baraza la rufani la London likakata kuwa fungu la mafakiri likicheleweshwa mno huwa jina tupu.

Hukumu hiyo ikavuka bahari, ikafuatwa na mahakama za huku kwetu. Bara Hindi iliondolewa kwa sheria ya 1913. Kenya ikangoja hadi 1951.

Ameer Ali alifariki 1928. Kesini alishindwa, ndugu msomaji, lakini aliyoyasomesha ndiyo yaliyorudi kuwa sheria.