Mrija, Maji na Sauti ya Mwimbaji

Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma vinavyoshindana, hawapokezani uwanja. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa kanuni hiyo ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, lazima asikike juu ya ngoma zake mwenyewe, juu ya ngoma za wapinzani, na juu ya makelele ya watu wanaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ndiyo maana mkoa wa Simiyu, kuanzia Meatu na Maswa hadi Itilima, Bariadi na Busega, haujawahi kupungukiwa na sauti kubwa.

Jumapili sauti hizohizo huingia kanisani, na hapo mwalimu wa kwaya hukutana na shida ya namna nyingine. Nguvu ipo tele, ila soprano wakifika juu wanapayuka, besi wanaanza kukwaruza kabla ya wimbo wa tatu, na baada ya juma la Pasaka nusu ya waimbaji wanaongea kwa kunong'ona. Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuongeza mazoezi, na mazoezi yenyewe ni kurudia nyimbo zilezile kwa nguvu zaidi. Mimi nasema mazoezi ya sauti yenye faida kubwa ni yale ambayo jirani wa nyumba ya pili hayasikii.

Ili kuelewa sababu, tuanze na koo lenyewe. Sauti huzaliwa kwenye zoloto, lile fundo la mbele ya shingo linalopanda na kushuka unapomeza. Ndani yake kuna nyuzi mbili za sauti, mikunjo midogo ya misuli iliyofunikwa na utando laini wenye unyevu. Za mwanamume mzima zina urefu wa takriban milimita 17 hadi 21, za mwanamke milimita 11 hadi 15. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni hukuta nyuzi zimekaribiana, inazisukuma, zinaachana, zinarudiana, na mchezo huo hujirudia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Soprano anayeshika noti ya A iliyo juu ya C ya kati anazigonganisha nyuzi zake mara 440 kwa sekunde moja. Besi anayeshika A iliyo oktavu mbili chini yake, mara 110.

Piga hesabu ya mazoezi ya saa mbili jioni, kisha ongeza mchana mzima wa kuwafokea ng'ombe wa plau. Nyuzi zikikutanishwa kwa upole huvumilia mamilioni ya migongano. Zikigonganishwa kwa nguvu, utando huvimba, unakuwa mzito, na sauti inakwaruza. Mtu akipumzika, uvimbe hushuka. Asipopumzika, mwezi baada ya mwezi, panapogongana sana huota vinundu vigumu, sugu kama zile za kiganja cha mkulima. Tofauti ni kwamba sugu ya kiganja humsaidia mkulima, na ya kwenye nyuzi za sauti humnyima mwimbaji noti za juu.

Mtu wa kwanza kutuonyesha mambo haya kwa jicho alikuwa mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García. Mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno pamoja na kioo cha mkononi, akarudisha mwanga wa jua ndani ya koo lake mwenyewe, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufumba. Madaktari walichukua mbinu hiyo kwake. Napenda kuwakumbusha walimu wa kwaya jambo hili kila wanaposema kwamba elimu ya koo ni ya hospitali tu.

Sasa tuje kwenye mrija, lile zoezi ambalo jirani halisikii. Mwanasayansi wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ameeleza kwa miaka mingi kwa nini kuimba kupitia tundu jembamba kunasaidia. Mdomo ukiwa umebanwa, hewa haitoki yote kwa mkupuo. Sehemu ya msukumo wake hubaki juu ya nyuzi za sauti na kuzisaidia kuachana bila kupigana kwa nguvu. Mwimbaji anapanda hadi noti zake za juu kabisa, nyuzi zinanyooka na kufanya kazi yote, na migongano inakuwa ya upole. Gharama yake ni mrija wa soda na glasi ya maji.

Jaza glasi maji hadi nusu. Chovya mrija kiasi cha upana wa vidole viwili, ufumbe midomo kuuzunguka, kisha toa sauti ya "uuu" ndani yake bila kukunja uso. Maji yataanza kutoa mapovu. Bana pua kidogo kwa vidole: sauti ikikatika, ujue hewa ilikuwa inatorokea puani. Anza noti ya chini iliyo rahisi, panda taratibu kama king'ora cha gari la wagonjwa, shuka, panda tena. Tazama mapovu. Yakienda sawasawa, pumzi yako imetulia. Yakifurumka na kumwaga maji mezani, unasukuma mno. Yakisita pale sauti inapofika noti fulani, umepata mahali sauti yako inapovunjika, na umepajua kwa macho, bila mtu kukusema. Fanya hivyo dakika tatu au nne, kisha imba ubeti mzima wa wimbo mtakaouimba Jumapili kupitia mrija huohuo, bila maneno. Mwisho weka mrija chini, imba ubeti kwa "u", halafu kwa maneno yake. Wengi hushangaa sauti inavyotoka nyepesi.

Asiye na mrija atetemeshe midomo "brrr", kama watoto wanavyoigiza lori. Kuimba kwa "mmm" mdomo ukiwa umefumbwa ni ndugu ya mazoezi haya, na kunafaa kwa kwaya nzima kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja anamsikia mwenzake. Dakika kumi za namna hii kabla ya kuimba zinatosha, na dakika tatu baada ya kuimba, sauti ikishushwa polepole, huwasaidia wale ambao kesho yake asubuhi wana darasa la kufundisha.

Kuhusu pumzi kuna maelekezo mengi yanayotolewa na machache yanayoeleweka. Mwalimu anasema "imba kwa tumbo", mwanakwaya anakaza tumbo hadi anatetemeka. Ukweli ni kwamba kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu, ni msuli wa kuvuta hewa. Kikishuka, matumbo husogea mbele na mbavu za chini hupanuka. Wakati wa kuimba kiwambo kinaachia, na kazi ya kuitoa hewa kwa kipimo inabaki kwa misuli ya mbavu na ya tumbo. Kwa hiyo tazama mabega: yakipanda unapovuta hewa, umejaza kifua cha juu tu. Weka mikono kwenye mbavu za chini, vuta hewa mpaka mikono isogee nje, kisha itoe kwa "sss" nyembamba isiyopanda wala kushuka. Sekunde 20 ni mwanzo mzuri. Mtu anayefika 30 akiwa na sauti ileile hadi mwisho ana pumzi ya kutosha kwa nyimbo nyingi za kwaya. Wacheza wigashe, ngoma ya Wasukuma, ambao huimba wakiwa wameketi, wanajua kuwa kukaa hakumzuii mtu kuimba. Kinachozuia ni kujikunja. (Na sare za kwaya zenye mikanda ya kubana kiunoni, mafundi cherehani watusamehe.)

Tatizo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ki, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Mpiga kinanda au mpiga gitaa huchagua ki inayomfaa yeye vidoleni, soprano wanaambiwa wafuate, nao wanafuata kwa sauti ya kifua hadi shingo zinatoka mishipa. Kila mtu ana mahali ambapo sauti ya kifua inataka kuipisha sauti ya kichwa. Kwa wanaume na wanawake wengi ni kati ya D na G zilizo juu kidogo ya C ya kati. Hapo misuli inayozipa nyuzi unene inatakiwa ilegee kidogo, na ile inayozivuta ziwe ndefu na nyembamba ichukue usukani. Ukikataza kupokezana huko kwa kuongeza nguvu, sauti itapasuka ghafla noti mbili juu yake.

Zoezi la kupavuka ni kuanzia juu. Walimu wengi hupandisha do-re-mi-fa-so, na mwimbaji hubeba uzito wa chini kwenda nao juu. Geuza: anza na so kwa sauti nyembamba ya kichwa, kwa "u", ushuke so-fa-mi-re-do bila kuongeza sauti, ukiuacha wepesi wa juu uteremke nawe. Ukimaliza, pandisha nusu toni, urudie. Katika majuma ya kwanza sauti itakuwa dhaifu na mwimbaji ataona aibu, hasa mwanamume anayeogopa kuambiwa anaimba kama mwanamke. Avumilie. Wakati huohuo mwalimu apunguze ki ya wimbo kwa toni moja au mbili. Hakuna Mkristo aliyewahi kukosa baraka kwa sababu wimbo uliimbwa kwenye F badala ya A.

Hapa msomaji wa Bariadi atauliza: je, ningi naye akaimbie kwenye glasi? Ngoma ya uwanjani haiimbwi kwa kunong'ona. Swali ni halali, na jibu lake linatoka kwa Johan Sundberg, mtafiti wa Sweden. Katika miaka ya 1970 alieleza jinsi mwimbaji mmoja wa opera anavyosikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti. Nguvu nyingi za okestra ziko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundishwa hupanga koo lake hivi kwamba sauti yake inakuwa na mng'ao karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu ni jepesi. Ngoma kubwa nazo hujaza upande wa chini. Anayezishinda ni mwenye mlio mkali unaochoma hewa, hata kama kifua chake ni chembamba. Kwa hiyo ningi afanye mrija nyumbani, na uwanjani autafute mlio huo kwa kuimba "nya-nya-nya" ya puani kidogo, kwa sauti ya wastani, mpaka asikie mtetemo usoni. Kisha ndipo aongeze nguvu.

Kalenda ya mkoa wetu haimsaidii mwimbaji. Mavuno ya pamba, mashindano ya ngoma, harusi na mikutano ya injili vinakutana kwenye kiangazi. Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, ilikuwa Agosti, ardhi imekauka. Vumbi na hewa kavu hunyonya unyevu wa nyuzi za sauti, na uzi mkavu unahitaji msukumo mkubwa zaidi ili utetemeke. Kunywa maji dakika tano kabla ya kupanda jukwaani hakuondoi ukavu huo, maana maji hupita kwenye umio, njia ya chakula, na kidakatonge hufunika zoloto kila unapomeza. Maji hufika kwenye nyuzi kwa kupitia damu, na hilo huchukua muda. Mwenye kuimba jioni aanze kunywa asubuhi.

Kwa sababu hiyohiyo yai bichi, ambalo wanakwaya wetu wamelimeza kwa imani kubwa vizazi na vizazi, halijawahi kugusa uzi wa sauti wa mtu yeyote. Likipita njia ya hewa utapaliwa na kukohoa papo hapo. Asali na tangawizi hutuliza koo na si vibaya kuvitumia, ila havirekebishi uvimbe. Mvuke unafika, kwa kuwa unavutwa pamoja na hewa: bakuli la maji yaliyopoa kidogo baada ya kuchemka, kitambaa kichwani, dakika chache, na watoto wakae mbali. Na aliyekaukiwa sauti anyamaze kabisa. Kunong'ona si kupumzika, maana wengi huminya koo zaidi wanaponong'ona.

Sauti iliyokwaruza kwa mafua au kwa mkesha hurudi ndani ya siku chache hadi majuma mawili. Ikipita wiki tatu haijarudi, au ikija na maumivu ya kumeza, damu au uvimbe shingoni, usimwachie mwalimu wa kwaya wala muuza dawa. Nenda hospitali, omba rufaa ya daktari wa masikio, pua na koo. Uchunguzi wa nyuzi za sauti kwa kioo au kamera huchukua dakika chache tu.