Siku Kuu Ugenini: Idi Kubwa Katika Nchi ya Shinyanga

Maongezi yetu ya leo ni juu ya jambo limpatalo kila mtu atokaye kwao kwa ajili ya kazi, biashara au masomo, nalo ni kukutwa na siku kuu ugenini.

Mtu akiwa kwao haoni uzito wa siku kuu. Huamka asubuhi akakuta nguo zimekwisha pigwa pasi, nyama i jikoni, na watoto wamesimama mlangoni wakidai mkono wa Idi. Lakini akiwa mbali, hayo yote hayapo, wala hakuna wa kuyatengeneza ila yeye mwenyewe. Hapo ndipo atambuapo yapi katika siku kuu ni ibada, na yapi ni mazoea ya kwao tu. Tofauti hiyo twapenda kuieleza kwa mfano wa Shinyanga, maana huko ndiko tulikojifunza sisi wenyewe.

Shinyanga ni nchi ya Wasukuma, watu wa jembe na mifugo. Ni nchi ya mbuga pana na mvua chache, yenye pamba, mtama, mpunga na ng'ombe wengi. Wageni waliingia humo kwa sababu mbalimbali. Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo hupita Shinyanga. Mwaka 1940 Dokta John Williamson, Mkanada, aligundua almasi huko Mwadui. Upande wa magharibi, katika nchi ya Geita, dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hata mgodi ukafungwa mwaka 1966. Kisha mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mwingine mkubwa kuliko ule. Kwa hiyo miji ya huko ina watu wa kila kabila na kila dini. Waislamu wapo, lakini aghalabu ni watu wa mjini. Vijijini wengi ni Wakristo, au ni watu wafuatao mila za wazee wao.

Sisi tulikuwa wawili, wenyeji wa Tanga, nasi tulikwenda huko kwa kazi miaka michache kabla ya 2013. Idi Kubwa ilipokaribia, moyo wetu ulikuwa mzito. Kwetu kila nyumba yenye uwezo huchinja mbuzi wake, na mbuzi huyo huletwa na mjomba ajuaye kumchagua. Huko hatukuwa na mjomba, wala ua wa kumfungia mbuzi, wala jamaa wa kumla naye.

Yafaa kwanza tueleze sheria yenyewe. Idi Kubwa ni siku ya kumi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, na kuchinja kwake ni ukumbusho wa Nabii Ibrahimu, aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe kwa amri ya Mungu, naye Mungu akampa mnyama badala yake. Mnyama huchinjwa baada ya sala ya Idi, na wakati huendelea mpaka jua la siku ya kumi na tatu litue. Yapasa asiwe kipofu wala kiguru, asiwe mgonjwa, wala asiwe amekonda mno. Mbuzi mmoja hutosha mtu mmoja, lakini ng'ombe mmoja huweza kushirikiwa na watu saba.

Hukumu hiyo ya watu saba tulikuwa tukiijua tangu chuoni, lakini hatukupata kuifikiri. Katika nchi ya ng'ombe ndipo ilipotufaa. Baada ya sala ya Ijumaa tuliulizana msikitini, na kumbe upweke ule haukuwa wetu peke yetu. Walikuwapo wawili wa Tabora, mmoja wa Ujiji, Mpemba mmoja, na Mwarabu mmoja aliyezaliwa Nzega. Pamoja nasi tukatimia saba. Hatukuwa ndugu, wala hatukujuana majina vema. Ng'ombe ndiye aliyetuunga.

Ikabaki shida moja: katika saba sisi, hapakuwa na ajuaye ng'ombe. Tulikuwa na jirani, mzee wa Kisukuma, Mkristo, ambaye kila alasiri tulisalimiana naye, yeye akisema, “Mwadila,” nasi tukimwitikia vivyo hivyo. Tulipomweleza haja yetu alicheka kwanza, akasema, “Wanangu, mkienda mnadani peke yenu mtauziwa ngozi na mifupa.” Kisha akavaa kofia yake akafuatana nasi.

Mnadani hakutazama ukubwa wa pembe, kama tulivyofanya sisi. Alimwendesha mnyama hatua kadhaa ili aone mwendo wake, akamtazama macho, akampapasa mbavu. Mwisho alimfungua kinywa. Akatuonyesha ya kuwa ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, bali umri wake husomwa katika meno ya chini: yale madogo ya utotoni hung'oka, na jozi ya kwanza ya meno makubwa ikiota, mnyama ametimiza kadiri ya miaka miwili. Nasi tulistaajabu, kwa maana miaka miwili ndiyo umri uliowekwa na sheria yetu. Mzee yule hakuisoma sheria hiyo kamwe, lakini bila elimu yake tusingeliweza kuitimiza.

Siku ya Idi tulisali uwanjani, tukachinja, tukagawa. Desturi njema ni kugawa mafungu matatu: fungu la kula wenyewe, fungu la zawadi, na fungu la maskini. Tulipotaka kumpelekea mzee paja zima, mmoja wetu alizuia. Hakuwa na choyo. Alichelea kuharibu ibada, akiona nyama ile ni ya Waislamu tu. Maneno yakaanza kupanda, na ushirika wetu wa siku chache ukawa karibu kuvunjika. Tukaenda kwa sheikh. Yeye akatuambia kwamba wako maulamaa walioruhusu kumpa jirani asiye Mwislamu, akatukumbusha habari ya Sahaba Abdallah bin Amri. Huyo alichinjiwa kondoo nyumbani kwake, na jambo aliloliuliza ni kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa, kwa kuwa alimsikia Mtume akiusia mno juu ya jirani. Yule mwenzetu alinyamaza kidogo, kisha akalichukua paja akalipeleka kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni mke wa mzee alituletea kibuyu cha maziwa mgando na sinia la matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Hatukupata kula chakula hicho siku ya Idi, na tangu hapo Idi isiyo na matobolwa twaiona ina upungufu.

Ilipofika Krismasi, mzee alituita alfajiri. Beberu wake alikuwa amefungwa mtini, na kisu kimenolewa. Alitaka mmoja wetu achinje, ili wageni wake wote wapate kula. Desturi hiyo imeenea mahali pengi katika Tanzania: Mkristo mwenye karamu humwita Mwislamu achinje, asije mgeni akaketi mbele ya chakula asichoweza kukila. Asili yake ni adabu ya mwenyeji.

Lakini adabu huweza kugeuka kuwa ugomvi. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, watu walishindana juu ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, na mchungaji mmoja wa Kikristo akauawa. Habari hiyo ilitusikitisha kuliko wengi, kwa kuwa tulikwisha kuonja utamu wa jambo lile lile. Kile ambacho mzee yule alitupa kwa hiari yake, wengine walikidai kwa nguvu, na wengine wakakikataa kwa nguvu. Zawadi ikidaiwa si zawadi tena.

Basi, wewe utakayekutwa na siku kuu mbali na kwenu, yashike haya. Ijue ibada yako vema, ili usiililie desturi ukidhani umekosa dini. Watafute wageni wenzako mapema, maana nao wanakutafuta. Kisha mwendee mwenyeji, umwombe akufundishe alijualo, na siku yake ikifika, nawe umwendee vile vile. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi huko Shinyanga tuliona ya kuwa mgeni naye hupona.