Kutoka Kitepe cha mRDT hadi Herufi Moja ya DNA: Nanochembe na Utambuzi wa Usugu wa Malaria Karagwe na Kyerwa

Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) kinachotumika katika zahanati za Karagwe na Kyerwa ni zao la nanoteknolojia, ingawa ni nadra kuitwa hivyo. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kitepe ni mkusanyiko wa chembe za dhahabu zenye kipenyo cha makumi ya nanomita, zilizounganishwa na kingamwili zinazonasa HRP2, protini ya kimelea Plasmodium falciparum. Kipimo hicho hueleza kama mgonjwa ana vimelea. Hakielezi kama vimelea hivyo vitaitikia dawa. Tena, HRP2 huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya tiba, hivyo kitepe hakifai kupima kasi ya vimelea kutoweka.

Katika wilaya hizi zinazopakana na Rwanda, swali la dawa ndilo zito. Sampuli zilizokusanywa mwaka 2021 katika mradi wa MSMT wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) zilibaini badiliko la R561H la jeni ya kelch13 katika asilimia 7.7 ya sampuli za Kagera, viwango vya juu zaidi vikiwa Karagwe na Kyerwa. Badiliko hilo huambatana na usugu usiokamilika dhidi ya artemisinini: vimelea hutoweka taratibu. Dawa mseto ya ALu huendelea kuponya kwa kuwa lumefantrini hukamilisha kazi, lakini mzigo wake huongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Kwa kimelea kinachoenea, miaka mitatu ni mingi.

R561H hutokana na herufi moja ya DNA, G kuwa A, ambayo hubadili arginini kuwa histidini. Mwaka 1996, Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionesha kuwa chembe za dhahabu zilizopachikwa nyuzi fupi za DNA hukusanyana zinapokutana na uzi unaolandana nazo, na rangi hugeuka kutoka nyekundu kuelekea buluu. Mkusanyiko huo huachana ndani ya wigo mwembamba sana wa joto. Kwa hiyo uzi wenye kasoro ya herufi moja huweza kutofautishwa na ule uliolandana kikamilifu.

Ugumu upo kwenye hesabu. Tone la mikrolita 5 lenye vimelea 100 kwa kila mikrolita lina nakala 500 tu za kelch13, ilhali mbinu ya rangi ya awali ilihitaji takribani femtomoli 10, yaani molekuli bilioni 6. HRP2 haina tatizo hilo kwa kuwa kila kimelea huizalisha kwa wingi. DNA, basi, lazima kwanza iongezwe, mathalani kwa mbinu ya LAMP inayofanya kazi katika joto moja la takribani nyuzi 65 bila mashine ya PCR. Kisha dhahabu ibainishe herufi. Majaribio mengi ya vihisio hutumia DNA safi ndani ya bafa, jambo linalopamba matokeo. Damu halisi ina vimeng'enya vinavyokata DNA, na mgonjwa mmoja huweza kubeba koo kadhaa za vimelea, chache kati yake zikiwa na badiliko. Kipimo kinachosoma ukoo wenye wingi pekee kitawakosa wagonjwa ambao usugu ndio kwanza unaanza kujitokeza kwao. Matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo mfuatano wake wa DNA umekwisha kusomwa, ndiyo yanayofaa kutumika kuupima udhaifu huo.